Mkono wa Marehemu

Juma lililopita tulimwacha Perling ndani ya mtungi, samaki waliooza wakimfika kidevuni, na mtu asiyemjua akikinyanyua kifuniko.

Kifuniko kikaondoka. Mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga uso wa bibi kizee, makunyanzi matupu, meno matatu.

"Toka humo," uso ukasema. "Hujafikia umri wa kuwa kitoweo."

Alikuwa Aling Pacing, mwenye miaka sabini na tisa, mkongwe kuliko wote katika kiwanda cha bagoong cha San Telmo. Pale samaki wadogo hutiwa chumvi na kufungiwa mitungini mwaka mzima, mpaka wawe uji wa kahawia wa kulia wali. Mitungi yenyewe inamfika mtu mzima kifuani.

Perling hakutoka. Alikuwa na miaka kumi na mitano na wiki mbili za kazi ya upelelezi, na somo la kwanza alilofundishwa ni kutomwamini anayekuja kukuokoa bila kuitwa.

"Bibi, utanipigia kelele?"

"Hamia upande huu. Sikio la kulia lilikufa mwaka wa tufani kubwa."

"Nasema, utanipigia kelele?"

"Nikipiga kelele itabidi nivute pumzi kwanza. Nikivuta pumzi hapa nakufa. Umejinusa wewe?"

Alikuwa amejinusa kwa saa nzima. Kitu kikamtambaa sikioni. Akakitoa kwa kidole, akakitazama: funza, mnene, mweupe, ana haraka zake. Perling akatapika papo hapo, ndani ya mtungi uleule, na matapishi yakabaki yanaelea chini ya pua yake.

"Tapika mjukuu wangu, usione haya. Mtungi huo umeharibika kabla yako."

"Kwani funza si kawaida humu?"

Aling Pacing alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Funza kwenye bagoong yangu? Sikiliza. Kipimo kimoja cha chumvi kwa vitatu vya samaki, hata mtoto mchanga hapa anajua. Ikiwa na chumvi ya haki haioti funza hata Kristo arudi aikute. Mitungi ya safu hii ya nyuma sikuijaza mimi. Tulikwenda misa ya Jumapili, tuliporudi tukaikuta imejaa, na msimamizi anasema asiiguse mtu. Waliojaza hawajui kazi. Walitaka kufunika tu."

"Kufunika nini?"

"Wewe ndiye uliyemo ndani. Mimi niko nje."

Perling akasukuma mguu chini. Kile kitu cha pembe nne alichokuwa amekikanyaga tangu alipoingia kilikuwa palepale. Akaziba pua, akafumba macho na mdomo, akazama mzimamzima ndani ya ule uchafu.

Alipoibuka alikuwa amekumbatia boksi lililofungwa plastiki mara tatu. Akapangusa kwa kiganja, maandishi yakasomeka. Dawa ya homa ya mafuriko. Msaada. Haiuzwi.

Tangu maji yaingie mjini zilikuwa zimepita wiki tatu. Watu mia nne na kumi walikuwa wamelala juu ya maboksi katika uwanja wa mpira wa kikapu, na homa inayotoka kwenye mkojo wa panya ilikuwa inawapitia mmoja mmoja. Macho yanageuka manjano, mkojo unageuka damu, halafu mtu anafunikwa shuka. Kila asubuhi meya alisimama na kipaza sauti kuwaambia dawa ziko njiani.

Na kweli zilikuwa njiani. Njia yenyewe ndiyo hii, imepita tumboni mwa samaki.

"Boksi moja kila mtungi?" Perling akauliza.

"Mtungi huu unameza maboksi arobaini. Na mitungi hapa iko thelathini." Aling Pacing akahesabu mitungi kwa macho. Kisha akatema mate chini. "Mpwa wangu yuko pale uwanjani. Jana amekojoa damu."

Samaki aliyeoza ana heshima yake, msomaji. Ananuka hadharani, kila mtu ajihadhari. Mkubwa huoza amejipaka marashi.

Perling akapanda, akatoka mtungini akichuruzika. Na hata akiwa vile, funza kwenye nywele, alifanya anachofanya mtoto yeyote wa San Telmo akisimama mbele ya mzee: aliinamisha kichwa aupokee mkono wa bibi na kuugusisha paji la uso, apate baraka.

Aling Pacing akaficha mkono mgongoni. "Mungu akurehemu kwa mbali leo. Usinipake."

* * *

Kwa mliochelewa kujiunga nasi, jueni kilichompeleka binti huyu ndani ya mtungi.

Miaka mitano nyuma dawa zilipotea katika zahanati ya San Telmo. Daktari mkuu, Severino Lacsamana, aliapa kwamba nesi wake ndiye mwizi. Kabla ya kesi, mashua ya daktari ikapinduka. Mwili haukuonekana. Jeneza tupu likazikwa, meya akalia mbele ya watu mpaka akashikiliwa, na maneno ya marehemu yakasomwa mahakamani kama Injili, kwani nani atambishia maiti? Nesi akapewa miaka kumi na miwili.

Daktari akajengewa sanamu. Zahanati ikapewa jina lake. Dawa haikuwamo, daktari hakuwamo, lakini jina lilikuwamo, kubwa, kwa rangi ya dhahabu.

Nesi yule anaitwa Consuelo. Perling ni mwanawe wa pekee.

Ndipo, baada ya mafuriko, Mkuu Amador Quizon wa Idara ya Upelelezi, kutoka Manila, alipomfuata shuleni, shati limepigwa pasi, sauti laini. "Nitafutie zinakofichwa dawa safari hii," alimwambia, "nami nitamtoa mama yako gerezani. Mtoto hashukiwi." Perling hakuuliza swali. Hata wewe usingeuliza. Alizifuata mpaka kiwandani, na msimamizi alipokaribia akajificha mtungini.

* * *

Aling Pacing alimwaga ndoo tatu za maji juu ya kichwa cha Perling, akamvisha aproni na buti za mpira, akamfunga kitambaa kichwani, huku Perling akimweleza nani aliyemtuma. Boksi likafichwa ndani ya kapu la maembe mabichi.

"Sasa wewe ni mjukuu wa dada yangu, umekuja kuosha mitungi. Jina?"

"Perling."

"Jina la uongo, wewe. Hivi hiyo Idara inawafundisha nini?"

"Nenita."

"Haya, Nenita. Chukua simu yangu. Kioo kimepasuka, lakini inasikia kuliko mimi."

Perling akamwandikia Mkuu Amador: *Nimeziona dawa. Mitungi ya nyuma, kiwandani. Njoo na watu.*

Jibu lilirudi kabla hajashusha simu. *Hongera mwanangu. Usimwambie yeyote. Nafika baada ya nusu saa.*

Kutoka Manila mpaka San Telmo ni mwendo wa saa tano. Perling alipaswa kujiuliza hiyo nusu saa imetoka wapi. Hakujiuliza. Alikuwa anamwona mama yake anatoka lango la gereza na mfuko wake wa nguo, na mtu anayeona jambo kama hilo hapigi hesabu.

"Simameni mstari," msimamizi akaja anapiga makofi. "Meya anaingia na mwekezaji. Nyoosheni aproni. Atakayekohoa asije kesho."

Wafanyakazi arobaini wakajipanga kando ya mitungi, kila mmoja na mwiko wake mrefu wa kukorogea.

Meya Teofilo Barredo aliingia na leso puani, imelowa marashi. Alizaliwa nyumba ya nne kutoka hapo, mama yake alikuwa anauza bagoong hiyohiyo kwa kata, lakini ukimwona alivyokunja uso ungedhani ameingizwa chooni kwa nguvu. Nyuma yake mkalimani, msichana mwenye viatu vya visigino vinavyozama kwenye tope la chumvi. Nyuma ya mkalimani, mgeni.

"Huyu ni Bwana Lau," meya akatangaza, "kutoka Singapore. Hajui neno hata moja la lugha yetu, kwa hiyo msimsumbue. Ameipenda mitungi ya safu ya nyuma. Lori linakuja kuichukua yote mchana huu, inakwenda bandarini."

Perling akalitazama kapu la maembe. Mchana huu. Dawa zikishafika bandarini, zimekwenda. Zimekwenda pamoja na watu mia nne na kumi, pamoja na mama yake.

Mgeni alikuwa na miwani ya giza, nywele nyeusi tii kama rangi ya viatu, kitambi cha mtu anayekula kwa wakati. Akapita kati ya mitungi polepole. Hakuziba pua. Alikuwa akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyerudi jikoni kwa mama yake.

"Mgeni gani huyo?" Aling Pacing akanong'ona, na mnong'ono wa kiziwi unafika mbali. "Aliyezaliwa hapa anataka kuzimia, wa ng'ambo anapunga upepo."

"Mkaribisheni mgeni," meya akaamuru. "Wewe binti, lete embe."

Binti alikuwa Perling.

Akabeba sahani ya vipande vya embe bichi na kibakuli cha bagoong, akasimama mbele ya Bwana Lau. Na hapo, msomaji, hakupanga chochote. Msinisifie akili zake. Aliona mzee mbele yake, na shingo yake ikafanya ilichofundishwa kabla hajajua kusema. Aliinama.

Mgeni wa kweli ukimwinamia hivyo hushtuka. Atakupigapiga begani, au atacheka, au atauliza unatafuta nini chini.

Mkono wa Bwana Lau ulipanda wenyewe. Ulikuja kiganja kikitazama chini, kifundo kimelegea, ukangoja katikati ya hewa kama mkono wa mzee yeyote wa San Telmo anayengoja paji la uso la mtoto.

Perling akaupokea. Ukamgusa.

Ulikuwa unakwaruza. Mistari mitatu ya kovu, migumu, kama ganda la mkate uliokauka.

Paji la uso lake lilikumbuka kabla ya kichwa. Alipokuwa mtoto mama yake alimpeleka kila Jumapili baada ya misa kupokea baraka za bosi wake, naye kila Jumapili alilalamika njia nzima kwamba mkono wa daktari unakwaruza. "Aliunguzwa na mvuke wa mtungi wa kuchemshia sindano," mama alimwambia. "Mstahi. Ameumia akitibu watu."

Mkono uleule. Uko moto. Unatoka jasho.

"Embe, bwana," Perling akasema, na sauti yake haikutetemeka. Hilo Idara ilimfundisha vizuri.

Mgeni akachovya, akala, akalamba kidole. Perling akarudi mstarini.

"Bibi," akasema upande wa sikio zima. "Yule ni Daktari Severino."

"Daktari Severino alikufa."

"Ulimwona?"

"Niliona jeneza."

"Lilikuwa zito?"

Aling Pacing akatazama viganja vyake. Alikuwa mmoja wa waliolishika, na sasa mikono yake ilikuwa inakumbuka. Akamtazama mgeni kuanzia viatu mpaka nywele za rangi, na taya lake lenye meno matatu likaanza kusaga kitu ambacho hakimo.

"Mimi ndiye mama yake wa ubatizo," akasema. "Nilimshika juu ya maji. Alininyea gauni."

"Kama amekuwa mgeni, hatakujua."

"Tutaona kama shingo yake imekuwa mgeni."

Bibi akaweka mwiko chini. Akaingiza mkono ndani ya mtungi wa safu ya nyuma mpaka kiwiko, akautoa ukichuruzika uji wa kahawia, funza wawili wakining'inia kidoleni. Hakuufuta. Akatoka mstarini, akatembea hadi mbele ya mwekezaji wa Singapore, akaunyoosha mkono ule.

Alinyoosha tu, kama mama wa ubatizo anavyomnyooshea mwanawe.

Msimamizi akafungua mdomo. Meya akashusha leso.

Na kichwa cha Bwana Lau kikainama.

Alijishtukia umebaki upana wa kidole kimoja. Akaganda hapo, mgongo umepinda, paji la uso linaelea juu ya funza. Lakini watu arobaini walikuwa wameshaona. Hakuna mgeni anayejua kuinama vile, kwa kasi vile, kwa woga ule wa mtoto aliyechelewa nyumbani.

Aling Pacing akamalizia mwenyewe hicho kidole kilichobaki. Akaubandika mkono wake juu ya paji la uso la daktari na kuusugua kushoto kulia, mpaka uji ukashuka ndani ya miwani.

"Mungu akurehemu, Inong," akasema, akimwita kwa jina lake la utotoni. "Nimekuombolezea siku tisa. Kila siku nilipika, nikalisha watu wote hawa. Nilichinja nguruwe wangu wa mwisho kwa ajili ya jeneza la hewa."

"Mama, punguza sauti," daktari akasema, kwa lafudhi safi ya San Telmo.

Mkalimani alimtazama, kisha akamtazama meya. "Samahani mheshimiwa. Sasa mimi nitafsiri nini?"

Mtu mmoja mstarini akacheka, kicheko kibaya, kifupi. Mwingine akatema mate. Mwanamke aliyefiwa na mumewe juzi, ambaye alikuwa amefika kazini kwa sababu waliobaki lazima wale, akasema taratibu, "Nilikwenda zahanati yenye jina lako. Nilimbeba mgongoni. Walinipa kidonge cha kichwa."

Perling hakumsikia vizuri. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu, linagonga kama kengele: marehemu yu hai, basi shahidi ni mwongo, basi mama hana kesi.

"Fungeni lango," meya akaamuru. "Hakuna wa kutoka. Simu zote mkononi mwa msimamizi."

Walinzi wawili wakaenda langoni. Kabla hawajalifikia, honi ikalia nje.

Gari jeusi likaingia uani, safi, vioo vya giza. Akashuka Mkuu Amador Quizon, shati limepigwa pasi.

Perling akanyakua boksi kwenye kapu la maembe, akakimbia. Buti zilikuwa kubwa, alianguka mara moja, akaamka.

"Mkuu. Yu hai. Daktari Severino yu hai, ni yule pale, na dawa ziko mitungini, maboksi arobaini kila mtungi. Watu wote wamemwona. Mama yangu hakuiba."

"Najua," Amador akasema. Akalipokea boksi kwa vidole viwili ili asichafuke, akampa dereva wake. "Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu."

Kisha akampita. Akavuka uwanja, akakanyaga kwa uangalifu asiguse tope, akafika mbele ya daktari aliyekuwa anajipangusa funza usoni kwa leso ya meya.

Mkuu wa Idara akainama. Akaupokea ule mkono wenye kovu, akaugusisha kwenye paji la uso wake.

"Samahani kwa usumbufu, Baba," akasema.

Baba wa ubatizo. Kumbe hawa wote wamebatizana, na sisi tunapewa maji ya mafuriko.

Perling alikuwa amezama kwenye funza, amemeza tone la ule uji, amejitapikia. Hakuna hata kimoja kilichomchefua kama kuuona mkono ule ukishuka polepole kutoka paji la uso la mtu aliyemwamini.

"Lakini ni wewe uliyenituma," akasema.

"Nilikutuma." Amador aligeuka, na sauti yake ilikuwa laini vilevile. "Mtu akificha kitu lazima ajue kama kimefichika. Nikasema nimtafute mtoto mwenye akili na sababu ya kutafuta. Asipopata yeye, polisi hawatapata kamwe. Umepata. Kwa hiyo tunahama. Nakushukuru kwa moyo wote."

"Kumbe nilikuwa pua ya mbwa."

"Mbwa mzuri hulipwa. Nenda kwenye gari ukaone."

Kioo cha nyuma kilikuwa kinashuka.

Ndani alikaa Consuelo. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa vibaya, gauni la maua ambalo Perling hakulijua. Taulo lilikuwa limetandikwa juu ya mapaja yake.

"Yuko huru tangu asubuhi," Amador akasema nyuma yake. "Niliahidi, nimetimiza. Panda. Mwende nyumbani mkale. Yule mzee ni Bwana Lau wa Singapore, na ulichoona mtungini ni samaki. Watu wa hapa tutaongea nao, wana njaa, watu wenye njaa husahau. Uamuzi wako ni mdogo tu. Ama unaye mama, ama huna."

Mlango ulikuwa hatua tatu. Miaka mitano, na sasa hatua tatu.

Perling alizipiga. Akafika dirishani, akiwa na harufu ile yote, na kwa mazoea yaleyale yaliyomwumbua daktari, aliinamisha kichwa aupokee mkono wa mama yake.

Mkono haukuja.

Alingoja. Hata siku ya hukumu, kati ya askari wawili, mama alimpa mkono. Akainua macho. Consuelo alikuwa anamtazama bila kupepesa, midomo imebana.

"Mama? Naomba mkono."

"Mpe mkono mtoto apande," dereva akasema kwa mnong'ono wa hasira. Kisha akakumbuka. "Hapana. Acha. Usimpe."

Consuelo akainua mikono. Yote miwili, kwa pamoja, maana isingeweza kupanda mmoja. Taulo likaanguka, na pingu zikang'aa juani mbele ya wafanyakazi arobaini. Akazipitisha dirishani, akaiweka mikono juu ya paji la uso la mwanawe, chuma na ngozi.

"Mungu akurehemu, mwanangu," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka mtungi wa mwisho. "Huu ndio uhuru alioahidi. Gari hili haliendi nyumbani."

Halafu ikatoka sauti ambayo Perling alikuwa ameisahau, sauti kavu ya nesi mwenye foleni mlangoni.

"Dawa ziko wapi?"

"Mitungi ya nyuma, mama."

"Wagonjwa wangapi?"

"Mia nne na kumi."

"Basi unangoja nini hapa kwangu?"

Perling akasimama wima. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa michafu mno. Akageuka kuelekea mstarini.

"Vunjeni," akasema. "Zimo chini. Vunjeni yote."

Aling Pacing hakuhitaji kuambiwa mara mbili, maana Perling alikuwa upande wa sikio zima. "Wanasema samaki huanza kuoza kichwani," akasema akiokota mwiko wake. "Waongo. Nimeshika samaki miaka sitini. Huanzia tumboni, kwenye kile alichomeza." Akaupiga mtungi wa kwanza katikati kwa mwiko.

Mtungi ukapasuka. Uji ukamwagika kama ng'ombe aliyepasuliwa, funza maelfu, ukafunika viatu vya meya, na ndani yake yakaja maboksi, moja, matatu, kumi, yakielea kwenye ule uozo na maandishi yake meupe. Haiuzwi. Haiuzwi. Haiuzwi.

Wale walinzi wawili walisimama langoni wakitazama. Mmoja wao alikuwa na mke uwanjani kule. Akafunga lango kwa ndani, akatia komeo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe," meya akafoka, "nani kakuambia ufunge?"

"Wewe, mheshimiwa. Ulisema hakuna wa kutoka."

Miko arobaini ikapanda begani.

Ndipo Perling aliposikia mlango wa gari. Amador alikuwa ameufungua. Alikuwa ameingiza mkono, na mdomo wa bastola yake ulikuwa umezama kwenye nywele zilizokatwa vibaya za Consuelo. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuwa laini.

"Mtungi wa pili ukivunjika," akasema, "huyu anakwenda nao."

Watu thelathini na tisa walisikia, wakaganda.

Aling Pacing alikuwa ameshafika kwenye mtungi wa pili. Mwiko ulikuwa juu ya kichwa chake, na upande aliouelekeza kwenye gari ulikuwa upande wa kulia, wa sikio lililokufa.